Kwenda Kigali kutunza wanyamapori: kipi kweli, kipi uongo

Likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa udaktari wa wanyama, biolojia na utalii katika vyuo vya Afrika Mashariki huanza kuandika barua za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Wako wanaotazama ng'ambo ya mpaka, na Kigali hutajwa sana. Sababu zipo. Rwanda ni nchi ndogo, na ndani ya saa chache za gari kutoka mji mkuu unafika kwa gorila wa milimani katika Hifadhi ya Volcanoes, kwa sokwe wa msitu wa Nyungwe, au kwa simba na vifaru wa Hifadhi ya Akagera. Ndani ya jiji lenyewe pana Umusambi Village, makazi ya korongo taji wasioweza tena kuruka. Mwaka 2022 Kigali ilitambuliwa na Mkataba wa Ramsar miongoni mwa miji inayotunza ardhi oevu zake.

Shauku hiyo huja na maneno mengi. Mengine yanatoka kwenye picha za mitandaoni, mengine kwa mawakala wanaouza nafasi, mengine kwa wazazi wenye hofu. Haya hapa ni madai yanayosikika mara nyingi, kila moja na hukumu yake. Niseme mapema ninaposimamia: kumtunza mnyama wa porini ni kumwandalia siku ambayo hatakuhitaji tena. Mwanafunzi anayelielewa hilo kabla ya kupanda basi atakuwa na faida huko aendako. Asiyelielewa anaweza kuleta madhara, hata kama moyo wake ni mwema.

Dai la 1: "Ukienda Rwanda utalea watoto wa gorila."

UONGO.

Gorila wa milimani wa Rwanda wanaishi msituni. Matokeo ya sensa yaliyotangazwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa wako 1,063 katika safu ya Virunga na msitu wa Bwindi na Sarambwe, eneo wanalogawana Rwanda, Uganda na Kongo. Mtalii wa kigeni hulipa dola 1,500 kukaa nao saa moja tu, watu wasiozidi 8 kwa kundi kwa siku, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Nchi inayolinda wanyama wake kwa masharti hayo haiwezi kumkabidhi mwanafunzi wa likizo mtoto wa gorila na chupa ya maziwa.

Matibabu nayo hufanyika msituni. Gorilla Doctors, kazi iliyoanza mwaka 1986 kufuatia ombi la mtafiti wa gorila Dian Fossey la kupata daktari wa wanyama, huwatuma madaktari kulifuata kundi kwa miguu. Wanaingilia kati pale ugonjwa au jeraha linapotishia uhai, au pale madhara yametokana na binadamu, kama mtego wa waya ulioukaba mguu. Dawa hupigwa kwa mshale kutoka mbali, kazi inamalizwa upesi, na gorila anabaki na jamaa zake.

Yatima wapo, lakini wako upande wa pili wa mpaka. Mwaka 2010 gorila yatima waliokuwa wakitunzwa Rwanda walihamishiwa kituo cha GRACE, mashariki mwa Kongo. Wengine wamelelewa katika kituo cha Senkwekwe huko Rumangabo, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Hapo ndipo alipoishi Ndakasi, aliyepatikana mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi miwili, ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Alikufa Septemba 2021 akiwa mikononi mwa André Bauma, mlezi aliyekuwa naye tangu siku zile za mwanzo. Mtoto wa gorila anahitaji mtu wa miaka. Akizoea mgeni wa wiki nane kisha mgeni akaondoka, amefiwa mara ya pili.

Dai la 2: "Mnyama akikuzoea na kukufuata, ujue umemtunza vizuri."

UONGO.

Kati ya madai yote, hili ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa hutoka vinywani mwa watu wenye nia njema. Na historia ya korongo wa Umusambi Village inalijibu lote.

Korongo taji ni ndege mrefu wa kijivu, mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani na kifuko chekundu kooni. Uganda imemweka kwenye bendera yake. Wanyarwanda humwita umusambi. Uzuri wake ndio uliomponza. Kwa miaka mingi vifaranga walichukuliwa vinamasini, wakauzwa mijini, wakafugwa katika bustani za hoteli na za nyumba za wenye uwezo. Ili wasiruke, walikatwa manyoya ya mabawa, na wengine walivunjwa mabawa kabisa. Walilishwa chakula kisichowafaa, wakaishi bila wenza na bila kuzaa. Wenye bustani hawakuwachukia ndege hao. Waliwapenda, wakawaonyesha wageni wao kwa fahari. Wakati huo vinamasi vilizidi kubaki vitupu, na mwaka 2012 shirika la IUCN lilimweka korongo taji katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka.

Aliyesimama kuwatoa majumbani ni daktari wa wanyama Mnyarwanda, Olivier Nsengimana, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitibu gorila. Mwaka 2014 alipata tuzo ya Rolex inayotolewa kwa vijana wenye ubunifu, na kazi ikaanza. Redioni watu waliambiwa kwamba mwenye korongo nyumbani amwandikishe, hatashtakiwa. Msamaha huo ulifungua milango ambayo vitisho visingeifungua, na korongo zaidi ya 200 wakaandikishwa. Walikaguliwa, wakapimwa magonjwa, wakavishwa pete miguuni ili watambulike. Wenye afya na mabawa mazima walipelekwa Akagera, kwenye eneo lililotengwa kwa kuwarudishia maisha ya porini. Huko waliachwa manyoya yaote upya, wajifunze kujitafutia chakula, na siku ya kuruka na kwenda zao waliichagua wenyewe.

Waliobaki ni wale waliovunjwa mabawa, ambao hakuna dawa ya kuwarudisha tena angani. Kwa ajili yao ndipo ikatengenezwa Umusambi Village, hekta 21 za kinamasi na nyasi zilizofufuliwa ndani ya Kigali, wanakoishi korongo zaidi ya 50 wenye ulemavu. Wote walio pale waliumizwa na mikono ya binadamu, na mingi kati ya mikono hiyo ilikuwa ikiwapapasa. Mwanafunzi anayeingia pale akitaka korongo ale kiganjani mwake analirudia, kwa kipimo kidogo, kosa lililowafikisha pale.

Somo hilihili limewahi kulipiwa gharama Marekani. Mwaka 1941 korongo weupe wa Amerika Kaskazini walikuwa wamepungua hadi wapatao 20. Miaka mingi baadaye kifaranga jike aliyeitwa Tex alilelewa na watu katika bustani ya wanyama ya San Antonio, akakua akiamini kwamba binadamu ndio jamii yake, wala hakumtaka dume yeyote wa aina yake. George Archibald, mmoja wa waasisi wa International Crane Foundation iliyoanzishwa Wisconsin mwaka 1973, ikambidi akae naye msimu baada ya msimu, akiruka na kupunga mikono kama korongo dume anavyocheza mbele ya mwenzake, ili mwili wa Tex ukubali kutaga. Kwa msaada wa mbegu zilizopandikizwa, kifaranga mmoja, Gee Whiz, alianguliwa mwaka 1982. Wengi hukisimulia kisa hicho kama kisa cha mapenzi. Mimi nakisoma kama hesabu ya hasara: mtaalamu mkubwa, misimu kadhaa, kifaranga mmoja, kwa sababu ndege mmoja alizoezwa binadamu utotoni.

Baadaye watunzaji wakabadili njia kabisa. Vifaranga wanaoandaliwa kuachiwa porini hulishwa na mtu aliyejifunika vazi jeupe linaloficha umbo lake, asiyesema neno, mkononi ameshika kichwa cha bandia cha korongo. Katika kazi hiyo, mtunzaji hodari ni yule ambaye kifaranga hajui kama yupo.

Dai la 3: "Muda wako mwingi utakwisha kwa ufagio, ndoo na daftari."

KWELI.

Na hapo ndipo utakapojifunza zaidi. Mnyama wa porini huficha ugonjwa wake, kwa kuwa huko atokako anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Dalili ikifika machoni pa kila mtu, mara nyingi umechelewa. Anayewahi kuiona ni yule anayefagia banda lilelile kila asubuhi. Kinyesi humwambia kama tumbo limevurugika au minyoo imeongezeka. Chakula kilichobaki humwambia nani amepoteza hamu. Nyayo kwenye tope humwonyesha nani ameanza kuchechemea.

Chukua miguu ya korongo. Korongo taji ana kidole cha nyuma kinachomwezesha kushika tawi, na porini hulala juu ya miti. Asiyeweza kuruka hushinda na kukesha ardhini, uzito wote ukiwa kwenye nyayo. Ardhi ikiwa ngumu au chafu, nyayo hupata vidonda, na kidonda kikiachwa usaha unaweza kuingia hadi mfupani. Kwa hiyo kuchagua nyasi za kupanda, kuondoa mawe na kusafisha maji ya kinamasi ni tiba kamili, ingawa haivaliwi koti jeupe.

Daftari nalo ni chombo cha kitabibu. Sentensi kama "mwenye pete hii anaegemea mguu wa kulia tangu jana jioni, chakula amekula nusu" ina thamani kwa daktari kuliko albamu nzima ya picha. Andika saa, andika ulichokiona kwa macho, na dhana zako uziweke kando. Mwanafunzi atakayerudi chuoni akijua kuandika maelezo ya namna hiyo amepata ujuzi utakaomfaa popote, hata kwenye zizi la ng'ombe.

Dai la 4: "Kituo kinachokuruhusu kubeba watoto wa simba kinajua kazi, na kinakuamini."

UONGO.

Afrika Kusini imelijua hili kwa uchungu. Kwa miaka mingi vijana kutoka ng'ambo walilipa fedha nyingi kwenda kuwanyonyesha watoto wa simba kwa chupa, wakiambiwa kwamba mama zao wamekufa na kwamba wanaandaliwa kurudi porini. Ukweli ni kwamba wengi wa watoto hao walinyang'anywa mama zao waliokuwa wakizalishwa kwenye mabanda. Walipokua na kuwa hatari kubebwa, waliuzwa kwa wawindaji wanaolipa kumpiga risasi simba aliyefungiwa ndani ya uzio, na mifupa ikauzwa nje ya nchi. Filamu ya Blood Lions ya mwaka 2015 iliufichua mfumo huo mbele ya dunia, na mwaka 2021 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza nia ya kuukomesha ufugaji wa simba kwa biashara. Kijana aliyeshika chupa alidhani anaokoa, kumbe fedha zake zilikuwa zikiwakuza simba wa kuuawa.

Linganisha na Akagera. Simba walikuwa wametoweka humo katika miaka iliyofuata mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakiuawa kulinda mifugo ya watu waliorejea kutoka uhamishoni. Mwaka 2015 wakaletwa simba 7 kutoka hifadhi za Afrika Kusini. Walikaa kwanza ndani ya uzio wa umeme wapoe na safari na wazoee mahali, kisha lango likafunguliwa. Hakuna aliyewapapasa. Waliwinda, wakazaa, na leo simba wa Akagera ni wazao wa kazi iliyofanywa kwa kukaa mbali.

Kabla ya kukubali nafasi popote, uliza mambo matatu. Watoto hawa wametoka wapi, na mama zao wako wapi? Je, kituo kinazalisha wanyama? Waliokwisha kukua wamekwenda wapi? Kituo cha haki kina majibu yaliyoandikwa.

Dai la 5: "Mnyama aliyezaliwa kizuizini hawezi kurudi porini kamwe."

NUSU KWELI.

Korongo aliyevunjwa bawa hatarudi, na ni ukatili kumlazimisha. Lakini mwaka 2019 vifaru weusi 5 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya waliletwa Akagera. Kwanza walikusanywa pamoja katika Jamhuri ya Cheki ili wazoeane na wazoezwe makreti ya safari. Walipofika Rwanda waliwekwa katika eneo dogo, wakapunguziwa taratibu chakula walichozoea na kuzoezwa majani ya nchi, ndipo wakaongezewa nafasi hatua kwa hatua. Kinachoamua ni spishi, umri, afya ya mwili na jinsi mnyama alivyolelewa. Usimwamini anayekuahidi kwamba kila mnyama ataachiwa, wala anayedai kwamba hakuna hata mmoja anayeweza.

Dai la 6: "Hatari yenyewe ni kuumwa au kuchomwa pembe."

NUSU KWELI.

Pembe na meno ni hatari ya kweli. Juni 2017 mtaalamu wa vifaru kutoka Hungaria, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, aliuawa na kifaru katika Akagera akiwa kazini kuwafuatilia wanyama aliosaidia kuwaleta. Mwanafunzi asisogee hatua moja zaidi ya pale anapoambiwa asimame.

Ila hatari inayosafiri kimya ni ugonjwa, nao huenda pande zote mbili. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi, Uganda, walipatwa na upele, na mtoto mmoja akafa. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka, aliyewatibu, aliona kwamba chanzo ni binadamu wanaoishi jirani na msitu. Mwaka 2009 kundi la gorila la Hirwa upande wa Rwanda liliugua mapafu, likapoteza mama mmoja na mtoto mchanga. Virusi vilivyopatikana ni vya aina inayowapata watu. Mafua yako, ambayo kwako ni siku tatu za kikohozi, yanaweza kuwa kaburi kwa mwingine. Ndiyo maana mgonjwa haruhusiwi kupanda mlimani, na barakoa huvaliwa mbele ya gorila.

Upande wa pili, Kigali haijasahau mwaka 2024. Tarehe 27 Septemba Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi ambao chanzo chake kilifuatiliwa hadi kwenye mgodi wenye popo wanaokula matunda. Watu 66 walithibitishwa kuugua, wengi wao wahudumu wa afya, na 15 wakafariki kabla mlipuko kutangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Popo wale hawakumshambulia mtu. Watu waliingia walikokaa.

Kwa hiyo jitayarishe kama mtu wa afya. Pata chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kusafiri, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Pima kifua kikuu. Kamilisha chanjo ya pepopunda. Ukiamka na homa au kuhara, sema, na ubaki nyumbani siku hiyo. Anayeficha mafua ili asikose zamu anawaweka hatarini wanyama aliokuja kuwalinda.

Dai la 7: "Hizi ni kazi za Wazungu, au za madaktari wa wanyama peke yao."

UONGO.

Mpango wa korongo ulibuniwa na Mnyarwanda na unaendeshwa na Wanyarwanda. Kalema-Zikusoka ni Mganda. Bauma ni Mkongo. Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kimekuwa kikifundisha wahifadhi wa Afrika tangu 1963. Kule Kinigi, Rwanda, mwaka 2022 kilifunguliwa kituo kikubwa cha utafiti na mafunzo cha Dian Fossey Gorilla Fund, na kazi ya kila siku ya kuwafuatilia gorila iko mikononi mwa wenyeji wanaowajua kwa sura na majina. Kijana wa Morogoro au Kisumu aingie humo akijua kwamba anaingia nyumbani kwa wataalamu wenzake.

Udaktari nao ni kipande kimoja tu. Korongo wa bustanini walitoka kwa sababu mtu alijua kuzungumza redioni bila kuwatisha watu. Watoto wa shule walielimishwa kwa kitabu cha katuni, kwa hiyo palihitajika mchoraji na mwandishi. Hesabu ya korongo wa nchi nzima inahitaji watu wa takwimu na ramani. Kinamasi kinahitaji anayejua mimea. Kuwafuatilia wanaouza vifaranga kunahitaji mwanasheria, na fedha za wafadhili zinahitaji mhasibu mwaminifu. Mwanafunzi wa fani hizo asijikatie tamaa. Aandike barua aseme anachojua kufanya.

Dai la 8: "Ukitozwa ada, ujue umetapeliwa."

NUSU KWELI.

Mafunzo yanamgharimu anayeyatoa. Mkufunzi anaacha kazi yake akuelekeze, vifaa vinatumika, chakula cha wanyama hakisubiri. Kituo kinachotoza ada ndogo na kuonyesha inakokwenda hakijakosea. Wengine hawatozi, lakini hawakulipi, na malazi ni juu yako.

Shaka iingie pale ambapo wakala hawezi kukutajia jina la daktari anayesimamia wanyama, au anataka fedha zitumwe kwenye simu yake binafsi, au anakupa tarehe yoyote utakayo bila kukuuliza hata unasoma nini. Matangazo yaliyojaa wageni wamekumbatia wanyama pia yakutie wasiwasi. Rwanda ina utaratibu wa kusajili mashirika yasiyo ya kiserikali, kwa hiyo omba uthibitisho wa usajili na stakabadhi. Uliza pia swali ambalo wengi hulisahau: je, mimi nikifanya kazi hii bure, kuna kijana wa hapa anayekosa mshahara? Kituo makini kitafurahi kuulizwa.

Dai la 9: "Mwana Afrika Mashariki hahitaji karatasi, na Kiswahili kinamtosha."

NUSU KWELI.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na raia wa nchi za Jumuiya huingia bila kulipia viza. Tangu 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Lakini ruhusa ya kuingia na ruhusa ya kufanya mafunzo ni mambo mawili. Mwombe mwenyeji wako barua ya mwaliko, na uiulize idara ya uhamiaji ya Rwanda ni kibali gani kinachokuhusu, kabla ya kukata tiketi. Ukitaka kukusanya takwimu za tasnifu yako, kuna kibali cha utafiti cha taifa, na ndani ya hifadhi kuna ruhusa ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Sampuli za damu au manyoya zina sheria zake. Korongo wote wamo katika orodha za mkataba wa CITES, kwa hiyo hata unyoya uliouokota chini usiuweke begini uuvushe mpaka.

Kuhusu lugha, Kiswahili kiliidhinishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na ukitembea Nyamirambo au Biryogo utakisikia kila kona. Wasomi wengi wanajua Kiingereza. Hata hivyo mzee anayechunga ng'ombe kando ya kinamasi cha Rugezi, aliyewaona korongo wakitaga tangu utoto wake, huzungumza Kinyarwanda, na kwa elimu anayohitaji mwanafunzi wa korongo hakuna profesa anayempita. Jifunze Kinyarwanda cha kusalimia, kuuliza na kushukuru kabla hujafika, na umwendee mzee huyo kwa adabu, ukiwa na mwenyeji wa kukutafsiria.

Dai la 10: "Wiki nane ni chache mno, haziwezi kubadilisha chochote."

UONGO, ukichagua kazi inayobaki.

Hesabu ya korongo taji nchini Rwanda ilionyesha ndege 487 mwaka 2017. Mwaka 2023 walihesabiwa 1,293. Ongezeko hilo halina shujaa mmoja. Limetokana na matangazo ya redio, doria za vinamasini, walimu, wanavijiji walioacha kuchukua vifaranga, na watu waliokaa kwenye baridi ya alfajiri wakihesabu kisha wakaandika walichokiona bila kuongeza wala kupunguza. Kazi ya namna hiyo ina nafasi ya mtu wa wiki nane, mradi aifanye hadi mwisho na aikabidhi ikiwa safi. Panga kumbukumbu za mwaka mzima ambazo hazijawahi kupangwa. Andaa mwongozo mfupi wa usafi wa mabanda ambao mwanafunzi ajaye ataukuta. Tafsiri maelezo ya wageni kwa Kiswahili fasaha, watoto wa shule kutoka Kagera au Mombasa wayasome kwa lugha yao.

Kisha kumbuka kwamba korongo huyu hajui mipaka yetu. Yuko Uganda, yuko magharibi mwa Kenya, yuko Kagera na Ngorongoro, na huko pia vinamasi vinakaushwa na vifaranga wanachukuliwa. Utakachojifunza Kigali kina kazi inayokusubiri nyumbani, ambako unaijua lugha ya wachungaji na hakuna atakayekuuliza kibali cha kukaa. Mwanafunzi anayerudi akaanza kuwahesabu korongo wa kinamasi cha wilaya yake, akazungumza na mwalimu mkuu wa shule ya jirani na afisa wa maliasili, ameyalipa mafunzo yake kikamilifu.

Unapoandika barua ya maombi, basi, usitumie aya nzima kueleza unavyowapenda wanyama, kwa kuwa waliowavunja korongo mabawa nao waliwapenda. Eleza unachojua kufanya, uko tayari kufagia nini, na utaacha nini utakapoondoka. Kituo kinachostahili muda wako kitakuchagua kwa majibu hayo.